Pistoni Yenye Madoa

Unga wangu ulinuka oili chafu. Aliyeniambia ni bibi mmoja jirani, hapa Mashewa, ambaye amesaga kwetu tangu mashine ikiwa ya mama yangu. Alikuja asubuhi na sahani ya ugali uliolala, akaiweka juu ya mzani.

"Onja wewe uliyesaga."

Nikamega, nikatafuna. Nilitoka nje kutema kabla sijameza, mwanangu mgongoni anacheka, anadhani mchezo.

Mashine ilikuwa na siku nne tu tangu itengenezwe. Injini ilikuwa imeishiwa nguvu, nikamwita fundi wa Masuguru, mzee ambaye huku kwetu anaamkiwa shikamoo hata hajashuka kwenye pikipiki. Aliifungua, akasema silinda imelika, akaipeleka Korogwe mjini kuchongwa. Kuchonga maana yake tundu linapanuliwa kidogo, kwa hiyo pistoni ya zamani haifai tena. Tundu likiongezwa nusu milimita, unanunua pistoni iliyozidi nusu milimita. Hakuna uchawi hapo.

Alirudi na silinda, na pistoni imefungwa kwenye gazeti. Boksi, ambalo ndilo huandikwa saizi, hakuna. Nikamuuliza ni saizi gani.

"Mwanangu," akasema, "hii ni injini, siyo daftari."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mimi nikanyamaza. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliyegombania venia moja ya maabara, kile kipimo cha chuma cha kupimia upana hadi sehemu za milimita, na darasa zima mpaka nikajua kuisoma. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshamwamkia, na nikaona ni utovu wa adabu kumdai boksi mtu niliyemwamkia shikamoo. Hilo linanichefua kuliko ule ugali.

Akafunga, ikawaka, akaondoka. Kesho yake injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga debe tupu. Moshi ukawa unatoka tumboni mwake, unajaa chumbani, unatua kwenye unga. Nilijiambia itatulia yenyewe. Niliendelea kusaga.

Baada ya ile sahani nilizima, nikamwita tena, nikamsimamia mpaka akachomoa pistoni. Ubavu wake wote ulikuwa na vidoa, kama mtu mwenye upele. Alikuwa ameipigapiga kwa panchi, kile chuma chenye ncha kali cha kutilia alama, nukta kwa nukta, ili chuma kivimbe, ionekane imebana. Nukta zenyewe zilikuwa zimeshaanza kusagika.

"Hamsini hazikuwepo dukani, mama," akasema huku anajifuta mikono. "Hii ni ishirini na tano, nikaipanua. Mafundi wote tunafanya hivyo."

Hamsini ndiyo hiyo nusu milimita. Ishirini na tano ni robo. Alisema bila aibu hata chembe, kama anaeleza namna ya kupika maharage.

Nilitia silinda na pistoni kwenye kiroba, nikapanda bodaboda mpaka Korogwe. Mchongaji aliikumbuka kazi yake. Aliitumbukiza pistoni kwenye tundu, ikapita moja kwa moja, akaidakia upande wa pili. Akaniambia alimtaka mzee alete pistoni kwanza, kwa sababu tundu linachongwa kwa kufuata pistoni iliyopo mkononi. Mzee akamjibu anayo nyumbani.

Duka la tatu nikapata hamsini. Nikaomba venia. Muuzaji akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaniuliza kama nitaweza kuisoma. Nikamwambia anipe tu. Nilipima pistoni juu na chini, nikapima na tundu. Niliporudi kwa mchongaji, pistoni ikashuka tunduni taratibu, kidole kikiisukuma.

Mzee aliifunga mwenyewe, nimesimama kando yake. Siku hiyo sikumwamkia. Alilihisi hilo, akaendelea kukaza nati.

Nikasaga mahindi yangu kwanza, nikasonga ugali, nikampelekea bibi. Aliunusa kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akaweka tonge mdomoni.

"Huu hauna kitu," akasema. Nikashusha pumzi. Akanawa. "Lakini ule uliujua. Mashine inapiga kelele siku tatu nzima, na wewe unatusagia."

Nikachukua sahani yangu, nikaondoka.

Wengine wamerudi. Yeye mahindi yake anayapeleka kijiji cha pili. Anapita mbele ya mlango wangu na ndoo kichwani, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, na hasimami.