Mama Alipokunywa Kahawa ya Marehemu

Mama yangu alikaa kwangu Johannesburg wiki tatu, na mpaka Jumamosi ya mwisho hakuwahi kula asubuhi mbele yangu hata mara moja. Ataamka alfajiri, ataswali, atakunja msala wake, kisha atakaa kitandani na kikombe cha chai ya rangi mpaka kipoe. Ukimbembeleza ale, atakwambia tumbo limejaa. Limejaa nini sikujua, maana hata usiku alikuwa akidonoadonoa kama kifaranga. Mke wangu alipika vitumbua, akapika uji wa mchele kwa tui zito, akakaanga mayai. Mama alimshukuru kwa kila kimoja, akawapa wajukuu, ambao wanamwelewa bibi yao kila neno lakini wanamjibu kwa Kizulu na Kiingereza.

Nilijua sababu, au nilidhani naijua. Miezi mitano kabla ya hapo baba yangu alifariki Tanga, na mimi sikumzika. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza, mimi ndiye niliyepaswa kushuka kaburini nimpokee. Lakini karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa ofisini zikisubiri kufanywa upya, na mtu mwenye karatasi za namna ile akivuka mpaka hana uhakika wa kurudi. Mdogo wangu alinipigia saa kumi jioni. Akasema presha ilimpanda baba ghafla, alianguka alfajiri, na wameshamzika baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, barazani mwa jengo la ofisi pale Marshalltown, suruali ya mtu iko mapajani. Nikajiambia kwamba sisi hatulazi maiti, hata ningekuwa na pasipoti ya rais nisingewahi. Nilijiambia hivyo siku hiyo na kila siku iliyofuata, na sikujiamini.

Arobaini ikapita, hitima ikasomwa, sikuwepo. Mama alipotoka eda nikamkatia tiketi, akaja. Hakunilaumu. Hakuligusa jambo lenyewe kabisa. Alinieleza habari za bati lililong'oka, za mbuzi wa jirani, za nani kaoa na nani kaachwa, ila habari ya baba akaipita kando kama mtu anayekwepa dimbwi. Wanasema kimya kina mshindo mkuu, na mimi nilikaa wiki tatu nikiungoja huo mshindo. Hasira zangu ziko karibu, wote nyumbani wanajua, na hasira hizo nilizipata kwake. Afadhali angenitukana siku ya kwanza pale uwanja wa ndege, tukalia, tukamaliza. Siku zake zilikuwa zimebaki chache, na niliogopa ataondoka na jambo lile moyoni, nisipate tena nafasi ya kuliombea radhi.

Jumamosi ya mwisho nikamwambia avae koti, twende nikamwonyeshe mahali ninapokunywa kahawa kabla ya kazi.

"Kwa nani?" akauliza.

"Kwa bibi mmoja wa Kichina."

"Kwa Mchina? Na nguruwe je?"

"Hapiki nyama, mama. Ni mkate, mayai na kahawa. Nilimuuliza siku ya kwanza kabla sijavuta kiti."

Akanitazama kwa jicho la mtu anayekumbuka uongo wangu wa utotoni, lakini akavaa koti. Lilikuwa la mke wangu, mikono ikamfunika mpaka vidole.

Mahali penyewe ni mwisho wa magharibi wa Marshalltown, ukiwa unaelekea Newtown, kwenye kipande cha mtaa ambapo Wachina wa zamani walikuwa na maduka. Yamebaki machache. Hili ni chumba kimoja tu chenye meza sita za duara, juu zimewekwa marumaru, na viti vya mbao vilivyong'aa kwa kukaliwa. Mwenye duka ni mdogo wa mwili na mkali wa vikombe. Hakuna anayeruhusiwa kuvigonganisha. Hakutoka China mwenyewe. Alitoka Malaysia, ambako babu zake walihamia wakaishi kwa kuuza kahawa, na yeye na mumewe wakaja kuuza kahawa ileile hapa. Namwita Anti, kama wateja wote. Yeye ananiita Fundi, neno ambalo hata watu wa nchi hii wanalo katika Kiingereza chao.

Kahawa yake huichuja kwa mfuko wa kitambaa, mrefu kama soksi, huku maziwa mazito ya kopo yameshatangulia chini ya kikombe. Mkate anauchoma mpaka unakauka, anaupaka siagi nene na jamu aliyoipika mwenyewe kwa tui, mayai na sukari. Mara ya kwanza kuionja jamu ile niliuweka mkate chini nikatazama ukutani. Nazi na sukari ni mambo ya kwetu. Sikutegemea kuyakuta kule, Julai, meno yakigongana kwa baridi.

Kuna jambo moja la duka lile ambalo sisi wateja wa kila siku tunalijua na hatulisemi. Meza ya ukutani, karibu na kaunta, haikaliwi na mtu. Kila asubuhi Anti akifungua mlango, kikombe cha kwanza cha kahawa anakiweka pale pamoja na sahani ya mkate, kwa ajili ya mumewe aliyefariki miaka sita iliyopita. Hakuna picha wala udi. Ni kikombe, mkate, na kiti kilichovutwa kidogo. Saa nne anakuja, anakichukua, anakwenda kumwaga. Nimezoea kuiona meza ile kiasi kwamba sikukumbuka kumwambia mama.

Tulipoingia, mama akasimama mlangoni akipuliza viganja. Nikamwambia achague pa kukaa, nikaenda kaunta kuagiza. Mbele yangu walikuwa walinzi wawili waliotoka zamu, wakibishana kuhusu mpira. Ikachukua muda. Nilipogeuka, mama alikuwa amekaa kwenye meza ya marehemu na kikombe kiko mdomoni.

Mkate ulikuwa umeshaliwa nusu. Akashusha kikombe, akaumega uliobaki, akauchovya kwenye kahawa, akautia mdomoni na kufumba macho. Wallahi sijui niseme nilihisi nini. Nilikufa kwa aibu, na wakati huohuo moyo ulifurahi kama wa mtoto: mama yangu anakula!

Nikamfikia mbio. "Mama, nani kakupa hicho?"

"Nimekikuta." Akajipangusa mdomo kwa ncha ya mtandio. "Watu hawa wana adabu bwana. Mgeni hajakaa, chake kishamngoja. Ila hawafuniki. Chakula kisichofunikwa shetani hukila, nikaona bora nimuwahi."

Kwa mama hilo halikuwa na mashaka. Kwake Tanga, chai ya asubuhi lazima kikombe kimoja kizidi, kimefunikwa kwa kisahani, cha yeyote atakayebisha hodi. Kikombe kisicho na mtu ni cha mgeni, na mgeni ni yeye.

Anti alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta. Alisimama na kitambaa mkononi, anakitazama kikombe. Walinzi wakaacha ubishi wao, nao wanajua. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza changu kibovu, nikamwambia Anti, huyu ni mama yangu, ni mgeni, hajui, kosa ni langu. Hakunisikiliza. Akakiinua kikombe, akakiinamisha, akaona kimebaki machicha tu, akakirudisha mezani. Kisha akafunika mdomo kwa kile kitambaa na mabega yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Miaka sita namwaga," akasema. "Miaka sita! Leo amemaliza." Akamwinamia mama. "Gogo, unataka na mayai? Mume wangu alikuwa akimalizia na mayai mawili."

"Gogo ndiyo nini?" mama akaniuliza.

"Bibi. Anakuheshimu."

"Na anacheka nini?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nimekwisha sema hasira zangu ziko karibu; na ukweli wangu pia uko karibu, hutoka kabla sijaupima. Nikakaa, nikamweleza. Mama akakisukuma kikombe mbali naye taratibu kwa mikono yote miwili.

"Nimekula chakula cha maiti?"

"Maiti hali, mama. Umekula mkate wa Anti."

"Astaghfirullah." Akamtazama yule mwanamke, ambaye alikuwa ameshakwenda kuchemsha maji ya mayai, anajisemea kwa lugha yake huku anatabasamu. Mama akamtazama kwa muda mrefu. "Muulize. Mumewe alipokufa, yeye alikuwepo?"

Nikauliza kwa sauti kuvuka kaunta. Anti akajibu bila kugeuka kwamba alikuwepo yeye na mabinti zake wote wawili, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu.

Nilipomfasiria, uso wa mama ukabadilika. Sijawahi kumwona mama akilia na sikumwona siku hiyo pia, lakini kidevu kilimcheza.

"Mwenzangu aliwaita watoto," akasema. "Mimi wangu nilimnyima."

Sikuelewa. Akasema tena, safari hii akiniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Baba yako hakuanguka ghafla. Alilala hospitali siku tisa. Mimi ndiye niliyewakataza wasikupigie. Niliwaapisha wote, mdogo wako alilia. Nilisema, akisikia atakuja, na akija hatarudi, na wale watoto watabaki nchi ya watu hawana baba. Siku ya saba baba yako akadai simu. Nikamwambia chaji imekwisha. Mume wangu wa miaka arobaini na nne, nikamdanganya chaji. Akadai tena jioni. Nikamwambia umeme umekatika. Na taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake."

Nje gari lilipiga honi kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani. Nakumbuka nililaani lile gari kimoyomoyo, kwa sababu nilihitaji kulaani kitu.

"Ndiyo maana tonge halinipiti," mama akasema. "Unakaa unanitazama nile, nami nasema, huyu angejua."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Miezi mitano nilikuwa nimejihukumu kwa kosa ambalo sikupewa hata nafasi ya kulitenda. Nikasema, na si kwa sauti ndogo, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nani alinifundisha maneno hayo, mama? Si wewe?"

"Ni mimi," akasema. "Na kimeniumbua."

Nikatoka nje. Nilisimama kando ya robot, taa ikageuka nyekundu, kijani, nyekundu tena, watu wananipita wanakwenda kutandaza bidhaa zao. Nilimlilia baba yangu pale, mchana kweupe, mtu mzima mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Muuza ndizi mmoja akaniuliza, "Eish, vipi, my bra, ndugu yangu?" Nikamwambia baba amefariki. Akadhani ni asubuhi ileile, akanishika bega, na nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu ilikuwa hivyo.

Niliporudi ndani mama hakuwa amesogea. Mbele yake kulikuwa na mayai mawili yaliyopasuliwa kwenye kisahani, kiini kinatikisika, juu yamemwagiwa sosi nyeusi ya soya na pilipili nyeupe. Alikuwa anayatazama kama mtu aliyehukumiwa. Anti alikuwa mbali anapangusa meza ambazo zilikuwa safi.

Nikakaa. Nikamuuliza swali pekee nililokuwa nalo. "Alitaka kuniambia nini?"

"Hakuwa na la kukwambia. Nilimuuliza hivyohivyo, una neno gani nimfikishie? Akasema sina neno, nataka nimsikie tu anavyoongea."

Nilifikiri ningeweza kuongea naye juu ya chochote, juu ya baridi, juu ya zipu za suruali, ingetosha. Nilimwonea uchungu baba, halafu nikamwonea uchungu huyu aliyekaa usiku wa saba, usiku wa nane, chini ya taa inayowaka, ameshika simu yenye chaji chini ya kanga. Sikujua uchungu upi umezidi, na wala hasira haikuondoka.

"Mimi nimesema," mama akasema. "Sasa unifukuze au unioneshe haya yanaliwaje. Mabichi haya."

"Si mabichi, yameiva nusu. Unayavuruga, unayanywa kwa kijiko."

Akasema bismillahi, akayavuruga. Kijiko cha kwanza alikimeza na uso umekunjamana mpaka walinzi wakacheka. Cha pili akakila kimyakimya. Akamaliza yote mawili, akafuta kisahani kwa ganda la mkate niliokuwa nimeagiza, na mimi nikamtazama, na safari hii tonge lilimpita.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama." Nilisema hivyo kabla sijasamehe, kwa sababu ndege yake ilikuwa Jumanne na asubuhi zilizobaki zilikuwa tatu tu. Kusamehe kwenyewe nilikuanza baadaye, alipokwisha kuondoka, na bado sijakumaliza.