Fahali wa Matanga na Kadi ya Hospitali

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu. Vilikuwa vikubwa, nikavijaza magazeti. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili tu, lakini asubuhi hiyo nilitoka mtaani Amalemba nikijiona tayari nina gari. Meneja wa Tawi, pale ofisi ya bima mjini Kakamega, alinitazama miguu akacheka.

"Binti, wakala wa bima huuza kwa miguu. Hivyo vitakuua."

Viliniumiza kweli, na sikuvivua.

Miaka hiyo ya tisini tuliwauzia wastaafu bima ya nyongeza. Mfuko wa serikali ulilipia kitanda cha hospitali. Nyongeza ililipia kilichobaki: daktari, upasuaji, dawa ukiwa umelazwa. Ada ilikuwa ya kila mwaka na hairudishwi hata usipougua. Wazee wakiniuliza, "Sasa nikikaa mzima, mmenila?" nilijibu, "Ndiyo, baba, na uombe tukule kila mwaka." Walicheka. Wengine walinunua.

Baadaye nilipelekwa Butere, chini ya Msimamizi wa Mawakala, mtu wa sauti ndogo na macho makali. Fundisho lake lilikuwa moja: "Wakala hauzi 'lakini'." Na bima ile ilikuwa na 'lakini' mbili. Kwanza kulikuwa na kipindi cha kungoja, miezi unayolipa kabla kadi haijaanza kufanya kazi. Pili, ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga haukulipiwa kamwe.

Tulimwendea Mzee Andayi wa Musanda, mstaafu wa reli. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na fahali mweusi amefungwa, na kila mtu alijua wa nini: wa matanga yake mwenyewe. Kwetu mzee akizikwa bila fahali, watoto wake husemwa mpaka wazeeke.

"Nitamuuza huyu," Mzee alisema. "Mke wangu hapa, Mama Perpetua, ana presha tangu zamani. Nataka apate kadi."

Msimamizi alikuwa ameshafungua kalamu. Nikamwangalia yule mama, alivyokuwa akitumiminia chai, nikashindwa kunyamaza.

"Baba, presha ya mama hailipiwi. Alikuwa nayo kabla."

Msimamizi alikohoa. Nikaendelea.

"Kwa ugonjwa ambao haujaja, kadi itawafaa nyote wawili. Kwa presha, haifai. Pesa ya tembe zake weka kando, usitupatie sisi."

Aliyelipuka kwa hasira ni Opati, kifungua mimba wa Mzee.

"Baba! Siku yako watu watakula nini?"

"Mboga."

"Mboga? Watu watoke Musanda yote waje kula mboga?"

"Wewe Opati, jirani yetu aliugua, kopo la mchango likazunguka likarudi tupu. Alipokufa likajaa, mkakodi hata hema! Mnapendanga maiti nyinyi. Huyu fahali nitamla nikiwa hai. Nusu kadi, nusu tembe za mama yako."

Mama Perpetua akasema polepole, "Na hiyo mboga nitaipika mimi."

Njiani Msimamizi aliniambia, "Umeuza 'lakini'."

"Na amenunua, bwana."

"Nitamwandikia Meneja."

"Andika."

Aliandika. Nikarudishwa Kakamega kupanga mafaili, na sikuomba msamaha. Habari zikaenea, wazee wakaanza kuja mpaka kwenye kaunta wakimwulizia msichana wa lakini. Meneja alivumilia, kisha akanirudishia mkoba wangu wa wakala, niende tena kuuza.

Kipindi cha kungoja kilikuwa kimeshapita utumbo wa Mzee Andayi ulipojisokota. Alipasuliwa, kadi ikalipa, akatoka hospitalini kwa miguu yake. Aliishi miaka mingi baadaye, na mama akimeza tembe zake. Alipofariki nilienda. Tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, na Opati ndiye aliyenipakulia. "Ongeza," aliniambia. "Baba alisema mtu asilale njaa." Hakuna aliyelala njaa.

Siku hizi nimestaafu, na wastaafu wenzangu huniuliza kama nyongeza inafaa gharama yake. Nawaambia: muulize wakala kwanza kile isicholipia. Akikohoa, ondoka. Akikujibu sawasawa, pima na magonjwa uliyo nayo, ndipo uamue. Na usiniambie huna pesa wakati unanenepesha mnyama wa maziko yako.

Wanangu nao wameniletea ndama, eti wa heshima. Nimempokea kwa furaha. Ada ya mwaka ujao inakua vizuri hapo nyuma ya nyumba.