Shangazi na Chupa za Stendi

Shangazi yangu alikuwa muuguzi wa kushona vidonda, mtu wa maneno machache. Siku diwani alipoitisha mkutano kuhusu watu kujeruhiwa mjini, wengine walitaka polisi waongezwe, wengine vifungo virefu. Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Ndipo shangazi akanyoosha mkono.

"Samahani, ndugu zangu. Kila ninayemshona humuuliza ameumizwa wapi na kwa nini. Zaidi ya nusu wamekatwa kwa chupa zilizovunjwa, kwenye baa tatu zilezile za stendi."

Fundi viatu akamdakia, "Kwa hiyo tuzifunge chupa jela, dada?"

"Tuziondoe mezani, kaka. Vinywaji vimiminwe kwenye vikombe vya plastiki."

Ukumbi ukaangua kicheko, naye akangoja kitulie. Wiki nzima, akitoka zamu miguu imemvimba, aliwaendea wenye baa mmoja mmoja. Walimzungusha, lakini hakuchoka, na mwishowe wakakubali.

Ugomvi haukuisha, maana pombe ni ileile. Ila miezi michache baadaye aliniambia, kwa sauti yake ya chini, kwamba mwezi mzima hajashona uso wa mtu.