Mama Saa na Foronya ya Tisa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimejaa mvuke. Mama wa miaka hamsini na sita anakung'uta foronya za wodi ya wanaume, moja baada ya nyingine. Kwenye ya tisa, mkono unagusa kitu kigumu. Anakijua kabla hajakiona.

Hakitoi. Anaiweka foronya sakafuni, anarudi nyuma hatua mbili na kupaza sauti: "Jamani, njooni wote! Mwiteni na msimamizi! Sijagusa kitu!"

Hayo yalitokea miezi mitatu iliyopita. Wenzake humwita Mama Saa. Amefua mashuka hapa miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa akikusanya saa za mkono. Anazo thelathini na moja, nyingi mbovu, alizozinunua kwenye mafungu ya mitumba kwa bei ya kipande cha sabuni na kuzitengeneza mwenyewe. Ya ghali kuliko zote ilimlia mshahara wa siku nne.

"Mume wangu aliniuliza, 'Mwenzangu, kwani una mikono mingapi?' Nikamwambia miwili, ila masikio yana njaa," anasema akicheka. "Kazini nasikia mashine tu. Saa iliyokufa miaka ikianza kugonga kiganjani mwangu, mwili wote unanisisimka."

Mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Siku mbili kabla ya asubuhi ile, mzee mmoja aliyelazwa alipotelewa na saa yake. Jioni hiyo, msimamizi wa usafi alibisha hodi nyumbani kwa Mama Saa, akiwa na binti wa mgonjwa.

"Tuoneshe tu hizo saa zako, Mama. Kama hukuchukua, hofu ya nini?"

Zikatandazwa kitandani. Binti akanyanyua moja ya mkanda wa ngozi. "Hii ni ya baba!"

Anakumbuka: "Nikamtazama mume wangu. Kimya."

Mama Saa akachukua kisu kidogo, akabandua mfuniko wa nyuma. Ndani alikuwa amechora kwa sindano mwezi na mwaka alioitengeneza, kama afanyavyo kwa zote: miaka mitano nyuma. Binti akainamisha uso. Msimamizi akasema, "Haya, tutaendelea kutafuta."

Ndiyo sababu hakuthubutu kuitoa ile ya kwenye foronya. "Wangesema nimeogopa, nikairudisha."

Msimamizi aliingiza mkono mwenyewe, wote wakitazama. Saa ikatoka, bado inatembea. Mzee aliificha humo akihofia wezi, kisha akahamishwa chumba, akasahau.

Binti aliteremka hadi chumba cha kufulia. "Mama yangu, nisamehe." Walikumbatiana. Msimamizi hajaomba radhi hadi leo. "Tunasalimiana. Basi."

Ila kilichomuuma Mama Saa zaidi ni ule ukimya wa mumewe. Wiki moja walikula bila maongezi. Kisha mume akaja na mbao begani, akapiga misumari mchana kutwa, akamtengenezea meza ndogo yenye droo sita.

Atastaafu baada ya miaka minne. Meza itawekwa barazani, awe fundi saa.

"Nataka mtu aniletee saa yake kwa mkono wake," anasema, "aniambie, 'Mama, nakuachia,' halafu aende zake bila kugeuka nyuma."