Dawa Aliyoiogopa Baba

Baba alianguka mjengoni Riruta. Ubao ulikatika akiwa juu, mguu ukavunjika. Mama alikuwa ushago, kijijini kwetu, kwa matanga, kwa hivyo msimamizi wa mjengo alinichukua shuleni nikiwa na yunifomu yangu, tukaenda hospitali pamoja.

Baba hakuwa analia. Alikuwa anatabasamu, na hiyo ndiyo iliniogopesha, kwa sababu jasho lilikuwa linamtiririka hadi masikioni.

Daktari alikuwa mwanadada mpole. Alisema atamdunga mofini, dawa kali ya maumivu, kidogo kidogo, akiangalia anavyopumua.

"Hiyo hapana," Baba akasema. "Hiyo ndiyo walimpa mama yangu mwisho mwisho. Nipe ile ingine, tramadoli. Jirani alipewa."

"Hata hiyo iko. Lakini umewahi kushikwa na kifafa?"

Baba akaangalia dari. Msimamizi alikuwa amesimama pale pale, amekunja mikono. "Huyu? Huyu ni chuma, daktari."

Nyumbani tunajua. Humshika mara chache, na Mama humwekea mto chini ya kichwa tukingoja kipite. Kazini hakuna anayejua, kwa sababu fundi mwenye kifafa hapandishwi ukutani tena.

Mimi huwa siongei na watu wakubwa. Hata chapati za kibandani huwa namtuma ndugu yangu mdogo. Lakini nilimgeukia msimamizi. "Anko, naomba utununulie maji."

Alipotoka nikamtazama Baba. Akafunga macho, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia daktari, sauti yangu ndogo hadi akainama.

"Umefanya vizuri kusema," akaniambia. "Mzee, tramadoli inaweza kukuamshia kifafa. Na mofini haikumuua mama yako. Ugonjwa ndio ulimuua. Dawa ilimpunguzia maumivu apate usingizi."

Baba huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mamake. "Unasema aje, mama?"

"Kubali, Baba. Nitakaa hapa nikuangalie ukipumua."

Akadungwa. Nilikazia macho shati lake, likipanda, likishuka. Polepole lile tabasamu likamtoka, akabaki na uso wake wa kawaida, umechoka tu.

Msimamizi akarudi na maji, akaona Baba amelegea. "Kwani wamekupa ile ya nguvu? Si ulikuwa umekataa?"

"Mguu umevunjika," Baba akasema, maneno yakivutika. "Ulitaka nipewe ya mtoto?"

Msimamizi akacheka, akamfunika blanketi vizuri.