Siku Tuliyokwenda Kuisikiliza Miksa

Mwishoni mwa miaka ya tisini mume wangu alikuwa akipiga muziki kwenye harusi za Waswahili wa London. Siku za kazi alipakia mizigo kwenye ghala zamu ya usiku, mimi nikihudumia wazee majumbani mwao asubuhi na jioni, na ikifika Jumamosi tulijaza spika na makasha ya santuri kwenye gari la rafiki yake, tukaenda tulikoitwa. Tuliishi Tottenham, kwenye fleti ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji, ambayo ukikohoa jirani anakupa pole, kwa hiyo mazoezi aliyafanya mchana, watu wakiwa kazini. Mitambo ilikaa juu ya meza ya chakula. Sisi na binti yetu tulikula kwenye zulia, wala sikulalamika, maana nilipenda kupiga pasi huku namsikiliza.

Katikati ya mashine mbili za kuzungushia santuri palikuwa na miksa, kile kisanduku cha kuingizia wimbo mmoja ndani ya mwingine bila watu kuacha kucheza. Yake aliinunua mtumba na aliipenda sana, mpaka ilipoanza kumuudhi.

"Inameza sauti," aliniambia. "Kila wimbo unatoka kama umefunikwa blanketi."

Mimi sikusikia blanketi lolote, lakini yeye ndiye fundi, nikaendelea kupiga pasi. Akaanza kuniletea picha za miksa nyingine. Ilikuwa nzito, nyeusi, ya kutengenezwa kwa mkono, haina vile vidude vya kusukuma juu na chini bali vifundo vikubwa vya kuzungusha, kama vya redio ya zamani. Kwa bei yake ungepata gari, si jipya, lakini linalotembea. Nikamwambia kisanduku hakiwezi kuwa na thamani hiyo. Akasema hata yeye ana wasiwasi.

"Twende dukani tuisikilize," alisema. "Masikio yakiona tofauti, tutajua la kufanya. Yasipoona, basi tutakuwa tunauziwa jina, na habari zake zitaishia hapo."

Tulikwenda Jumamosi moja ambayo hapakuwa na harusi, mtoto tukamwacha kwa jirani. Mume wangu alivaa koti lake la sikukuu. Alibeba santuri moja ya dansi aliyokuja nayo kutoka Tanga, kwa sababu aliijua kila sehemu na hakutaka kudanganywa na santuri ya dukani. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, Mwingereza, mstaarabu kabisa. Alituingiza kwenye chumba kidogo cha nyuma chenye viti viwili, akatueleza kwamba atapiga wimbo uleule mara mbili, mara moja kupitia miksa ya kawaida na mara moja kupitia ile ya ghali, bila kutuambia ipi ni ipi.

Mara ya kwanza nilisikia wimbo niliouzoea. Mara ya pili nilijisogeza mbele kwenye kiti. Magitaa mawili ambayo siku zote nilidhani ni moja yalikuwa yameachana, moja huku na jingine kule. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Na matoazi, yale yanayokwenda nyuma ya ngoma tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, yalikuwa wazi na laini, mfano wa mchele unaopepetwa kwenye ungo. Nikamgeukia nione furaha yake.

Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande. Akaomba wimbo urudiwe. Ukarudiwa. Akaomba tena. Mwisho akafumbua macho, akaniambia kwa Kiswahili ili muuzaji asielewe, "Zote sawa. Jina tu hilo."

"Zote sawa vipi? Hukusikia matoazi?"

"Matoazi gani?"

Nilidhani ananitania. Lakini alikuwa ananitazama mdomoni, si machoni, akisubiri niseme tena. Wimbo ulikuwa bado unapigwa na matoazi yalikuwa yamejaa chumba kizima.

"Hayo," nikasema. "Hayo yanayolia sasa hivi."

Akasikiliza. Niliona uso wake ukijitahidi, kisha ukaacha kujitahidi. Akamshukuru yule mama, akaomba santuri yake, akairudisha kwenye mfuko wake taratibu sana.

Kwenye basi tulikaa juu, kiti cha mbele. Tulipokaribia nyumbani, yeye ndiye aliyeanza.

"Ilikuwa ipi, ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili."

"Ilistahili ile bei?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilimwambia ilivyokuwa, jinsi magitaa yalivyoachana, na ile pumzi ya mwimbaji. "Ilistahili," nikasema. "Kwa mtu anayepiga kama wewe, ilistahili."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari za msiba wa mbali. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ni miksa yangu. Mwaka mzima nilidhani imechakaa. Nikasema nikipata nzuri, sauti zitarudi."

Nikamshika mkono. Hapo ndipo mambo ya nyumbani yalipoanza kunijia, moja baada ya jingine: televisheni yenye kelele, chai niliyomuuliza asijibu, na zaidi ya yote binti yetu. Mtoto alikuwa na miaka saba, sauti yake ndogo, na kama watoto wengi wa huku, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Baba yake alikuwa akimgombeza kila siku kwamba anajibu ovyo. Kumbe hakuwa akilisikia jibu lenyewe.

Hospitali walimkalisha mume wangu kwenye chumba cha kioo, wakamvisha hedifoni, wakamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Mimi nilikaa nje namtazama. Mwanzo mkono ulipanda na kushuka. Halafu ukatulia juu ya goti. Mpimaji aliendelea kubonyeza, na mkono haukusogea, na yeye alikaa mle ndani amenyooka, ametulia, anasubiri mlio uanze. Nililia palepale kwenye benchi, nikajifuta kabla hajatoka. Walituambia ni miaka ya spika na hedifoni, sauti nyembamba ndizo hutangulia kwenda, na zikishakwenda hazirudi.

Alikuwa ameshaahidi harusi moja, akakataa kuivunja. Ilikuwa shughuli ya wanawake, ya familia ya Kizanzibari, kwenye ukumbi wa kukodi Queensbury. Katika shughuli hizo mwanamume mpiga muziki huwekwa nyuma ya pazia, asiwaone wanawake waliojipamba. Yeye siku zote alikuwa akijisifu kwamba pazia halimsumbui. Vigelegele na visigino vilimwambia wimbo gani umewakolea na upi aukatize.

Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda salama. Wa tatu ukaanza kupiga kelele. Kila chenye ncha ndani ya muziki kilikuwa kinachoma: matoazi, filimbi, hata zile 's' na 'sh' za mwimbaji. Mabibi waliokaa karibu na spika wakajiziba masikio kwa mitandio. Mama wa bibi harusi akanijia, akanisogelea kwa adabu.

"Dada, samahani, mwambie shemeji apunguze kidogo. Masikio yanatuuma."

Nikapita nyuma ya pazia. Nilitegemea kumkuta anahangaika. Nilimkuta anatabasamu. Mkono wake ulikuwa kwenye kifundo kidogo cha sauti nyembamba cha ile miksa yake ya mtumba, amekizungusha hadi mwisho, na kichwa chake kilikuwa kikienda na mdundo kama enzi zile tulipokuwa wachumba. Aliponiona aliinama, akaniambia sikioni, "Nayasikia. Matoazi, nayasikia."

Niliweka mkono wangu juu ya wake, nikakirudisha kile kifundo taratibu hadi katikati. Aliutazama mkono wangu, si mimi. Nilijua ni wakati gani hasa matoazi yalimpotea, kwa sababu kichwa kilisimama.

Hakuuliza kwa nini. Kuanzia hapo kila wimbo aliniuliza, "Hapa?" nami nikajibu kwa kichwa, ndiyo au bado. Tulimaliza shughuli hivyo, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya pazia na nguo yangu ya shughuli. Wenyewe wakatushukuru sana, wakatufungia na pilau ya kwenda nayo.

Hakupiga tena. Vifaa vya kusaidia kusikia alipewa, akavivaa wiki chache, akasema muziki humo ni debe tupu linalogongwa, afadhali kimya. Santuri akazigawa kwa vijana. Meza ikarudi kuwa ya chakula, tukaizunguka watu watatu, na ilikuwa vigumu kuliko nilivyotegemea. Nilimfundisha binti yetu asimame mbele ya baba yake, aseme polepole, kwa Kiswahili. Alijitahidi. Lakini mtoto akirudia jambo mara nne, mara ya tano anasema basi, si kitu. Hiyo "si kitu" baba yake aliisoma mdomoni vizuri kuliko maneno yote.

Baada ya miaka michache akarudi Tanga. Alisema kule watu wanasemezana uso kwa uso, barazani, hapana haraka. Sisi tungefuata shule ya mtoto ikiisha. Sote wawili tulilisema hilo na hakuna aliyelirudia. Simu haikutufaa, kwa hiyo tuliandikiana ujumbe, mrefu mwanzoni, halafu wa salamu, halafu wa sikukuu tu.

Binti yetu alipofikisha miaka kumi na mitano alitaka kumpigia mwenyewe. Nilimwambia baba hatasikia. Akasema atasema kwa nguvu. Alisimama dirishani, akapaza sauti kwa Kiswahili chake cha kujikaza, "Baba, hujambo? Umekula? Unatukumbuka?"

Kutoka upande wa pili wa simu nilimsikia baba yake akijibu kila swali kwa upole uleule. "Sawa, mwanangu. Sawa. Sawa."

Mtoto akanikabidhi simu, akaenda chumbani kwake. Niliiweka sikioni bila kusema neno. Alikuwa bado anaitikia.