Mtende wa Kitovu

Siku ile bado nnayo moyoni, mwanangu, na leo nakupa wewe, kwa sababu ya maneno niliyokusikia ukimwambia mtunza bustani asubuhi. Usinune. Kaa hapa, kahawa ipo.

Mwaka jana uliniletea kitabu chako cha shule, ukanisomea habari za makabaila wa Ulaya: bwana mwenye ardhi, na watu wake wanaolima, wanaovuna, na wasioweza kusema hata mti mmoja ni wao. Ukaniambia, "Bibi, hizo zilikuwa zama za giza." Mimi nimekaa humo, mwanangu, pande zote mbili.

Kwetu Unguja, baba yangu alikuwa na shamba la mikarafuu. Chini ya mikarafuu waliishi watu waliolima muhogo wao kwa ruhusa yake, nao wakampalilia na kumchumia. Muhogo waliruhusiwa, mti wa kudumu hawakuruhusiwa. Baada ya mapinduzi tulikimbia, tukafika Maskati na mafurushi ya nguo. Tulikuwa mimi, Baba, na bibi yangu aliyemzaa Baba. Babu yako, mume wangu, alikwenda Kuwait kutafuta kazi, akaniacha na mimba.

Kule Qurayyat, mji wa pwani karibu na Maskati, sheikh mmoja mwenye mashamba ya mitende akatuhurumia. Akatupa kibanda cha makuti ndani ya shamba lake, na Baba akawa bidari. Bidari ni mtu anayetunza mitende ya mwenzake. Anapanda juu kuitia unga wa maua ya mtende dume, anaifungulia maji ya mfereji zamu yake ikifika, anaikata makuti makavu. Tende zikiiva, kila mtende unampa kichala kimoja, na vilivyobaki ni vya mwenyewe. Baba yangu, aliyekuwa akiletewa maji ya kunawa kitini, alijifunza kukwea na kamba kiunoni akiwa na mvi. Viganja vyake vilichanika kwa miiba, na usiku Bibi alimpaka samli. Sikumsikia akilalamika hata siku moja.

Nikajifungua mtoto wa kiume humo kibandani. Kitovu kilipokatika, Bibi akakifunga kitambaani ili tukizike, maana kwetu kitovu cha mtoto huzikwa na juu yake hupandwa mnazi, mtoto akue akijua kwao ni wapi. Mnazi hatukuwa nao. Baba akabandua chipukizi kwenye shina la mtende mkubwa, akalipanda nyuma ya kibanda juu ya kitambaa kile. Siku hiyo alicheka. Nilikuwa nimeshasahau meno yake yalivyo.

Chipukizi lilikuwa limeanza kushika sheikh alipokuja kukagua. Hakuwa mtu mbaya, nikwambie kweli. Alikunywa kahawa yetu, akamwombea mtoto dua. Kisha akazunguka nyuma ya kibanda.

"Nani kapanda huu?"

"Mimi, sheikh. Ni wa mjukuu wangu, chini yake kuna kitovu chake."

"Nimekupa shamba ulitunze, sikukupa upande. Leo mtende, kesho utaniambia na mchanga wake ni wako. Ung'oe."

"Sheikh, mtoto mwenyewe—"

"Ung'oe mwenyewe, nikiona."

Baba akapiga magoti. Akachimbua kwa mikono, polepole, na mizizi ikatoka na kile kitambaa. Akakipangusa mchanga, akakitia mfukoni. Sheikh akaaga kwa salamu nzuri, akaenda zake.

Hapo nikapasuka. Nililia, nikamlaani sheikh na kizazi chake, na mtoto yuko kifuani ananyonya. Bibi aliniacha mpaka sauti ikakauka. Halafu akaniuliza taratibu, "Unamlaani nani?"

"Yule dhalimu!"

"Na Makame je?"

Makame, mwanangu, alikuwa mmoja wa watu wa shamba letu Unguja. Yeye na mkewe walikaa miaka bila ya mtoto, hata wakapata. Wakazika kitovu, wakapanda mnazi. Baba akaja na bakora yake, akasimama juu ya Makame, na mkewe pembeni kakipakata kichanga. Akamwambia aung'oe mwenyewe, naye akiona.

"Na wewe ulikuwepo," Bibi akaniambia. "Ulikuwa barazani unakula mkate wa mofa. Ulitazama mpaka mwisho, ukaomba mwingine. Hukulia siku ile."

Nilimgeukia Baba nipate wa kunitetea. Alikuwa amekaa chini, mikono bado ina mchanga. Akasema, "Maneno ni yale yale. Nilipomsikia sheikh, nilijisikia mimi."

Toka hapo hakuwa na haja nyingine duniani ila radhi ya Makame. Kila mtu aliyemsikia kuwa ametoka Unguja alimwendea, akamuuliza. Hakuna aliyejua kama Makame yuko hai au alikufa katika vurugu zile. Baba alifariki kabla ya mwaka wa sabini, humo humo kibandani, anauliza, na kitambaa kile tulikikuta chini ya mto wake. Mpaka leo sijui habari za Makame. Jambo hili linaniuma mpaka sasa, na sitaraji litaacha.

Mtoto yule ndiye baba yako. Nchi ilipofunguka, sultani mpya aliposhika, na babu yako akarudi, tulipata kiwanja hiki cha Ghubra, hapa Maskati, na kabla ya ukuta kusimama nilipanda mtende ule unaouona dirishani. Kitovu cha baba yako kiko chini yake. Mchicha aliopanda mtunza bustani wetu, yule kijana wa Bangladesh, ameupanda hapo hapo kwenye shina. Asubuhi ukamwambia, "Nani kakupa ruhusa? Ng'oa!" Mimi nilikuwa kitandani, mwanangu. Nikadhani Baba kafufuka.

Nnalokuasa ni hili. Ardhi ni yetu kwa hati, sikatai, na haki ya mwenyewe naijua. Lakini mtu akitia mkono wake kwenye mchanga wako, muulize kwanza anapanda kwa ajili ya nani. Na ukishamkosea, mfuate angali karibu, maana bahari ikiingia kati hutamuona tena.

Kijana bado yuko nje, hajamaliza kuung'oa mchicha wake. Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie ulimi, akupe wa kukuzika kwa mapenzi, na akujaalie usife unauliza.